Nani atanizika? Jibu kwa msomaji anayeuliza kuhusu jumuiya za wahumanisti

Msomaji wa Arusha, mhasibu mwenye umri wa miaka 38 na mama wa watoto wawili, ameniandikia hivi: "Nimelelewa Machame katika nyumba ya Kilutheri, na niliimba kwaya tangu shule ya msingi hadi nilipoolewa. Kwa miaka sita sasa siamini tena. Sikugombana na mtu wala sikukosewa na mchungaji. Imani iliisha kidogo kidogo, kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye kibatari. Mama alipofariki, wanajumuiya ndio waliopika, waliokesha nasi na waliobeba jeneza, nami nikajiona kama mtu anayekula chakula ambacho hakukichangia. Nimesoma kwamba Ulaya na Marekani ziko jumuiya za wahumanisti zinazozika watu, zinazofungisha ndoa na kukutana kama kanisa, ila bila Mungu. Je, zinaweza kweli kuchukua nafasi ya dini? Zinaweza kuanzishwa kwetu? Na kusema kweli, kinachoninyima usingizi ni jambo moja: mimi nikifa, nani atanizika?"

Dada yangu, swali lako kubwa umeliweka mwishoni, nami nitaanza nalo. Miaka niliyotumia kufundisha sosholojia ya dini imenithibitishia kwamba jumuiya yoyote, iwe ya waumini au ya wasioamini, hupimwa siku ya msiba kuliko siku ya mkutano wake. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba jumuiya za wahumanisti zimeweza kushika baadhi ya kazi za dini, na katika nchi chache zimezishika kwa vizazi viwili au vitatu bila kuyumba. Hata hivyo, zilizofanikiwa ni zile zilizojitwika wajibu ambao kila mtu anaujua na kuuhitaji, kama kuzika, kuwavusha vijana utuuzimani na kuwatembelea wagonjwa, ilhali zile zilizokusanya watu kwa sababu tu hawaamini zimedhoofika mara shauku ya mwanzo ilipopoa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Uhumanisti ni mtazamo unaosema kwamba maadili na maana ya maisha vinaweza kusimama juu ya akili, huruma na wajibu wa binadamu kwa binadamu mwenzake, pasipo kutegemea amri ya Mungu wala ahadi ya maisha ya baada ya kifo. Vyama vyenye mtazamo huo viliungana mwaka 1952 katika mkutano wa Amsterdam, vikaunda shirika la kimataifa ambalo leo linaitwa Humanists International, na azimio walilolipitisha hapo limeandikwa upya mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2022. Mtu akijiita mkanamungu amekuambia asichokiamini, na bado hujajua ataishije. Akijiita mhumanisti amekubali kuulizwa anafanya nini kwa ajili ya wenzake. Kiswahili kinatupa neno utu, na wapo wanaodai kwamba kwa sababu hiyo wazee wetu walikuwa wahumanisti tangu zamani. Mimi sikubaliani na dai hilo, kwa kuwa utu wa wazee haukuwahi kutenganishwa na Mungu wala na waliotangulia mbele ya haki. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba wazo la kumheshimu mtu kwa sababu ni mtu si geni katika lugha yetu, na mhumanisti wa Kiswahili halazimiki kuliazima.

Jaribio la kwanza kubwa la kujenga dini bila Mungu lilifanywa na Mfaransa Auguste Comte, mmoja wa waasisi wa taaluma yangu, katikati ya karne ya 19. Aliibuni Dini ya Ubinadamu akaipa sakramenti, makuhani na kalenda ya miezi 13, kila mwezi ukiwa na jina la mtu mkuu wa historia, kuanzia Musa na Homer hadi Shakespeare na Descartes. Mwanasayansi Mwingereza T. H. Huxley aliieleza kuwa ni Ukatoliki ulioondolewa Ukristo. Wafuasi wake walijenga hekalu Rio de Janeiro, na maneno "Utaratibu na Maendeleo" yaliyomo katika bendera ya Brazili yana asili yake katika mafundisho hayo, lakini kama jumuiya ya watu wanaoishi pamoja dini hiyo haikuenea. Ninaona sababu yake ni nyepesi kuieleza: taratibu zake zilitungwa mezani na mtu mmoja, na hapakuwa na familia iliyokuwa ikizingoja. Hakuna aliyelala na njaa ya sherehe ya mwezi wa Descartes.

Mfano wa pili ni tofauti kabisa. Felix Adler, mtoto wa rabi wa sinagogi kubwa la Temple Emanu-El mjini New York, alitarajiwa kumrithi baba yake, lakini aliporudi kutoka masomoni Ujerumani alikuwa amepoteza imani katika Mungu wa mapokeo. Mwaka 1876 aliasisi chama cha Ethical Culture, chenye wito wa kutanguliza tendo kabla ya kanuni ya imani. Chama hicho kilikutana siku za Jumapili kusikiliza hotuba, lakini tangu mwanzo kilikuwa na kazi za mikono: kiliwatuma wauguzi katika nyumba za maskini wa New York, mwaka 1878 kikafungua shule ya awali isiyotoza ada, na miaka miwili baadaye kikaanzisha shule ya watoto wa wafanyakazi, ambayo imeendelea hadi leo ikiwa moja ya shule zenye heshima kubwa mjini humo. Chama chenyewe hakijawahi kuwa na wanachama wengi. Kimedumu karibu karne moja na nusu, na naamini kimedumu kwa sababu kilikuwa na jambo la kufanya siku za Jumatatu.

Sasa twende Norwei, ambako nitakaa kidogo, maana hapo ndipo swali lako limejibiwa kwa ukamilifu zaidi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Mwaka 1736 mfalme wa Denmark na Norwei aliufanya mkono wa kanisa, yaani kipaimara cha Kilutheri, kuwa wa lazima kwa kila kijana, na asiyekipata hakuruhusiwa kufunga ndoa. Sheria hiyo ilikuja kufutwa, lakini katika kipindi cha zaidi ya karne moja na nusu desturi ilikuwa imeota mizizi: kijana wa miaka 14 au 15 alifundishwa kwa miezi kadhaa, akasimama mbele ya watu, akashonewa nguo mpya, ndugu wa mbali wakasafiri kuja kula naye, na tangu siku hiyo akahesabiwa katika safu ya watu wazima. Wewe uliyepata kipaimara Machame unaijua siku hiyo. Ilipofika katikati ya karne ya 20, Wanorwei wengi walikuwa wameacha kuamini kile ambacho kijana alitakiwa kukiri, lakini hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake akose siku hiyo wakati wenzake wote wanaipata. Familia zikawa zinawaagiza watoto waseme kanisani maneno ambayo nyumbani hayakuaminiwa na mtu.

Mwaka 1951 kikundi kidogo mjini Oslo kiliandaa kipaimara cha kiraia kwa mara ya kwanza, na mwaka 1956, chini ya uongozi wa mtaalamu wa mimea Kristian Horn, kikazaliwa chama kiitwacho Human-Etisk Forbund. Zingatia mpangilio wa matukio: sherehe ilitangulia, chama kikafuata. Vijana huhudhuria mafunzo kuhusu maadili, haki za binadamu, kufikiri kwa makini na namna ya kuamua jambo gumu; hawafanyi mtihani na hawaapi kiapo chochote, na kijana anaweza kushiriki bila yeye wala wazazi wake kuwa wanachama. Wakati wa majira ya kuchipua husherehekewa hadharani, mara nyingi katika kumbi za manispaa, kukiwa na muziki, hotuba na vyeti. Siku hizi vijana zaidi ya 10,000 hupita njia hiyo kila mwaka, karibu mmoja kati ya watano wa rika lao, na chama kina wanachama zaidi ya 100,000 katika nchi yenye watu takriban milioni tano na nusu. Chama hicho pia hufanya hafla za kuwapa watoto majina, hufungisha ndoa zinazotambuliwa na sheria, na huongoza maziko.

Kuna mambo mawili yaliyoisaidia Norwei ambayo ni haki uyajue kabla ya kutamani kuiga. La kwanza ni fedha. Serikali ya huko hulitunza kanisa la kitaifa kwa kodi, na kwa sababu ya usawa hutoa pia ruzuku kwa kila jumuiya ya imani au ya mtazamo wa maisha iliyosajiliwa, kulingana na idadi ya wanachama wake. Chama cha wahumanisti kina ofisi na watumishi wanaolipwa mshahara, kwa hiyo hakianguki pale mwanzilishi mmoja anapochoka. La pili ni kwamba wahumanisti hao hawakubuni hitaji. Walilikuta limesimama, wakalijibu kwa uaminifu. Walichofanya ni kinyume cha alichofanya Comte.

Uholanzi nayo ilipita njia yake. Jaap van Praag, Myahudi aliyenusurika vita vikuu vya pili kwa kujificha, alishiriki kuasisi chama cha Humanistisch Verbond mwaka 1946 akiwa na hofu mahususi: kwamba watu walioacha kanisa bila kujenga msingi mwingine wa maadili wanaweza kuyumbishwa kirahisi na itikadi za kikatili kama zile zilizotoka kuiteketeza Ulaya. Wahumanisti wa huko walipigania nafasi ya kuwahudumia wasioamini jeshini, magerezani na hospitalini, wakaipata. Leo mgonjwa aliyelazwa Uholanzi anaweza kumwomba padri, imamu au mshauri wa kihumanisti aje kukaa naye, na kipo chuo kikuu mjini Utrecht, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinachowafundisha washauri hao. Uskoti ilihalalisha ndoa za kihumanisti mwaka 2005, na kabla ya kumalizika kwa muongo uliofuata zilikuwa zimepindukia 5,000 kwa mwaka na kuzipita zile zinazofungishwa na Kanisa la Uskoti.

Nimekueleza waliofanikiwa, sasa nikueleze waliochoka. Mwezi Januari 2013, wachekeshaji wawili wa London, Sanderson Jones na Pippa Evans, waliwaalika watu katika jengo lililokuwa kanisa huko Islington wakaimbe nyimbo za redio, wasikilize hotuba fupi, wanyamaze kwa dakika chache, kisha wanywe chai. Waliliita kusanyiko hilo Sunday Assembly. Watu walifurika, vyombo vya habari vikaliandika duniani kote, na katika miaka mitatu matawi yakafika takriban 70 katika nchi mbalimbali. Miaka mitatu mingine ilipopita yalikuwa yamepungua hadi takriban 40, na mahudhurio ya yale yaliyobaki yalikuwa yameshuka. Siwalaumu waanzilishi, kwani walikuwa na nia njema na waliona upweke ambao ni wa kweli. Walichukua kutoka kanisani umbo la Jumapili asubuhi, yaani viti, nyimbo na hotuba, na hilo ndilo umbo ambalo ni rahisi zaidi kulikosa bila mtu yeyote kuumia. Mtu asipokwenda kuimba Jumapili moja, hakuna jeneza linalobaki chini, na baada ya Jumapili nne hakuna anayebisha hodi kwake kuuliza kulikoni.

Utafiti nao unaelekeza huko huko. Mwaka 2010 Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha uchunguzi wao kuhusu Wamarekani, wakiuliza kwa nini watu wanaohudhuria ibada mara kwa mara husema wameridhika na maisha kuliko wengine. Walikuta kwamba tofauti hiyo inaelezwa zaidi na marafiki wa karibu ambao mtu anao ndani ya ushirika wake. Anayehudhuria kila juma bila kuwa na rafiki hapo hakuwa na nafuu kubwa kumshinda asiyehudhuria kabisa. Ukiishia hapo utadhani marafiki wanatosha. Lakini mwaka 2003 Richard Sosis na Eric Bressler walichunguza makazi 83 ya pamoja yaliyoanzishwa Marekani katika karne ya 19, mengine ya kidini na mengine ya kijamaa yasiyo na dini, wakaona kwamba ya kidini yalidumu kwa muda mrefu zaidi, na kwamba kadiri yalivyowadai wanachama wake sadaka kubwa, kama kuacha pombe, kuvaa mavazi maalumu au kutoa mali, ndivyo yalivyodumu. Kwa makazi yasiyo ya kidini, masharti mazito hayakuongeza uhai. Muumini anayefunga haulizi kila siku kufunga kunamlipa nini, kwa sababu amri imetoka mahali ambapo hapaulizwi. Mhumanisti huuliza, na ni haki yake kuuliza, na asipopata jibu la kumridhisha huondoka. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba jumuiya isiyo ya kidini inapaswa kudai mambo ambayo faida yake inaonekana kwa macho. Haiwezi kumwambia mtu afunge siku arobaini, lakini inaweza kumwambia aamke saa tisa usiku kwenda mochwari na mwenzake, na mtu huyo ataelewa kwa nini.

Lipo pia ambalo hakuna jumuiya ya namna hii inayoweza kukupa, na nitakuwa mdanganyifu nisipolisema. Mchungaji aliyesimama kando ya kaburi la mama yako aliwaahidi kwamba mtaonana naye tena. Mwongozaji wa maziko ya kihumanisti hana ahadi hiyo, na akiwa mwaminifu hataitafutia kibadala chenye maneno ya kupamba. Anachoweza kufanya ni kusema kwa ukweli na kwa upendo jinsi mama yako alivyoishi, na kuwaacha mliobaki mshikane mikono. Wapo wanaoona hiyo inawatosha, na wapo ambao, hata baada ya kuacha imani, wanaukumbuka wimbo wa mazishi hadi unawaliza. Nimezungumza na wengi wa aina hiyo ya pili, na sikuwahi kuona kwamba machozi yao ni dalili ya unafiki.

Kwetu Afrika Mashariki hali ikoje? Mfano ulio hai zaidi uko Uganda, na haukuanza na mikutano ya Jumapili. Kwa kuwa shule nyingi za nchi hiyo zilianzishwa na misheni, wahumanisti wa Uganda waliona kwamba mlango wao ni elimu. Karibu na Masaka na huko Kamuli waliasisi shule za kihumanisti, na mwaka 2011 Robert Bwambale alianzisha shule ya msingi ya kihumanisti mjini Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Shule hizo, zinazosaidiwa kwa sehemu na wahumanisti wa Uingereza, hupokea watoto wa dini zote na hazimwambii mtoto aache imani ya nyumbani. Mzazi Mkatoliki au Mwislamu anayepeleka mwanawe hapo hajabadili dini, amepata shule. Kwa maoni yangu hii ndiyo hekima ile ile ya Norwei, ikiwa imevaa nguo za Uganda.

Kenya njia ilikuwa ya makabiliano zaidi. Chama cha wakanamungu kilisajiliwa mwezi Februari 2016, na kabla ya miezi mitatu kupita usajili wake ulisimamishwa baada ya viongozi wa kidini kupinga, ikawa ni mvutano wa kisheria kuhusu uhuru wa dhamiri ambao katiba ya 2010 inaulinda. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini au ni wakanamungu. Usiichukue idadi hiyo kuwa ni ya wahumanisti, kwa maana humo wamo wengi ambao hawajiweki katika dini yoyote bila kuwa na fundisho jingine. Lakini inatosha kukuonyesha kwamba wewe si mtu wa ajabu.

Tanzania hatuna takwimu za namna hiyo, kwa sababu tangu sensa ya 1967 serikali haijawauliza wananchi dini zao. Katiba yetu, katika ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, baada ya taarifa ya siku 21. Kwa hiyo huishi nje ya sheria. Kumbuka tu kwamba Kanuni ya Adhabu inaifanya kashfa dhidi ya dini ya watu wengine kuwa kosa la jinai, na mbali na sheria, kundi linalojitambulisha kwa kuwakejeli majirani halitapata wa kulisaidia kubeba jeneza. Kama kuna mtu katika kundi lako atakayetaka mkutano uwe wa kuwacheka wachungaji na masheikh, mwambie mapema kwamba hapo si mahali pake.

Nikija kwenye ushauri, ninakusihi usianze na kitu chenye sura ya kanisa. Anza na chama cha kufa na kuzikana. Watanzania tunavijua vyama hivi kuliko jambo lolote la kuagiza kutoka nje: vipo kazini, vipo mitaani, vipo miongoni mwa watu wa wilaya moja wanaoishi mjini, na vingi vinawachanganya Waislamu na Wakristo bila shida. Tafuta watu kumi au kumi na watano mnaoaminiana, wengine wasioamini kama wewe na wengine waumini wasiokuonea haya, muandike katiba ya kurasa mbili, mchange kila mwezi kiasi kisichomlemea mwenye kipato kidogo kuliko wote. Humo muandike kinagaubaga nani huenda hospitalini kushughulikia kibali cha mazishi, nani huzungumza na familia ya marehemu, nani husimamia jiko, nani hukaa na wafiwa hadi siku ya kuanua matanga, na nani husimama kuongoza maziko ya mwanachama ambaye hakutaka ibada. Kama kikundi hakiwezi kujaza majina katika nafasi hizo, basi kwa sasa ni baraza la mazungumzo, nalo ni jambo zuri, ila lisikufanye udhani umepata jumuiya.

Maziko yenyewe si magumu kama unavyoogopa. Baadhi ya sharika na parokia zimejiwekea utaratibu wa kutomzika aliyeacha kushiriki, na ninajua hofu hiyo imewarudisha wengi kanisani kwa mguu mmoja. Lakini sheria haidai mchungaji wala sheikh ili mtu azikwe. Makaburi ya umma yako chini ya halmashauri, na ninyi watu wa Machame mna kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo. Linalobaki ni nani atasema na atasema nini. Katika maziko ya kihumanisti ya Uholanzi au Uskoti, mwongozaji huitembelea familia, husikiliza kwa saa kadhaa habari za marehemu, kisha huandika maneno yatakayosomwa. Sisi tayari tunao wasifu wa marehemu, ambao husomwa katika karibu kila msiba, mara nyingi kwa haraka na kwa mpangilio wa tarehe, shule na vyeo. Uandikeni kwa uangalifu, uwe ndio kiini cha shughuli, kisha tengeni dakika chache za ukimya ambapo shangazi zako watasali kimoyomoyo kama wanavyotaka. Maziko ya mtu asiyeamini yanahudhuriwa na waumini wengi kuliko wasioamini, nao wamefiwa sawa na wengine.

Usitegemee karatasi peke yake. Wakili wa Nairobi S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui, alieleza mahakamani kwamba mumewe hakutaka azikwe kwa mila za ukoo. Kesi ilivutana kwa miezi mitano huku maiti ikiwa mochwari, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoupa ushindi ukoo wa Umira Kager, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Majaji waliona kwamba matakwa ya marehemu kuhusu maiti yake hayaifungi familia. Tanzania ina mahakama zake na sheria zake, lakini kila anayeishi katika familia zetu anajua kwamba siku ya msiba neno la kaka mkubwa huwa na uzito kuliko wosia uliofungiwa kabatini.

Kuhusu kile chakula ambacho unasema hukukichangia, nakuomba usijihukumu kwa ukali hivyo. Wanajumuiya waliompikia mama yako walimpikia mwenzao, na kwa miaka mingi yeye aliwapikia wao. Kama bado wanaishi karibu nawe, nenda kwenye misiba yao, shika sufuria, toa rambirambi, keti na wanawake wenzako hata kama wakati wa sala utainamisha kichwa tu. Hilo halihitaji uongo wowote, wala halikatazwi na uhumanisti.

Kisha mweleze mume wako, kama hujamweleza, kabla hujawaeleza watu wa mtandaoni. Wachague watu watatu kutoka katika kikundi chako ambao ungependa wasimamie maziko yako, na Desemba hii, mtakapopanda Machame kwa sikukuu, nenda nao. Wakae na kaka zako, wale ndizi, waulizwe kwao ni wapi na wazazi wao ni akina nani, ili siku watakapofika kuchimba kaburi wasipokelewe kama wageni.